Ratiba Anayo Samaki: Kuvua Samoni na Trauti Rasi ya Kenai Bila Mwongozaji

Theluji ikianza kuyeyuka hapa Anchorage, Alaska, ndugu na jamaa walioko Texas, Ohio na Minnesota huanza kunipigia simu. Wanataka kuja kuvua samoni, na wengi huwa wameshakata tiketi kabla hawajauliza chochote. "Kaka, nimepata likizo wiki ya kwanza ya Julai, tunakwenda mto gani?" Nami huwarudishia swali: unamtaka samaki gani?

Nimekulia Musoma, kwa hiyo swali hilo kwangu si geni. Nyumbani dagaa huvuliwa usiku wa giza. Mwezi ukishakuwa mkubwa taa hazina kazi, mitumbwi hulala ufukweni na wavuvi hushona nyavu. Hakuna anayebishana na mwezi. Samoni naye ana kalenda yake, na anayetaka kwenda mtoni mwenyewe, bila kumlipa mwongozaji dola mia kadhaa kwa siku, inampasa aijue kalenda hiyo kabla hajaenda kumwomba bosi ruhusa.

Mito ya Alaska hupandwa na aina tano za samoni. Mkubwa kuliko wote ni chinuki, ambaye wenyeji humwita mfalme. Mwaka 1985 Les Anderson alimtoa Mto Kenai mmoja wa kilo 44, na hadi leo hajatambuliwa mkubwa zaidi aliyevuliwa kwa fimbo ya kuvulia. Watu husikia habari hiyo wakaja na ndoto yake. Ukweli ni kwamba chinuki wa Kenai wamepungua mno, na miaka ya karibuni serikali ya jimbo imekuwa ikifunga uvuvi wao mtoni humo. Yuko koho, samoni wa fedha, anayeingia Agosti na kuendelea Septemba. Yuko samoni wa waridi, ambaye Kenai hujaa miaka inayogawanyika kwa mbili. Chumu ni wachache upande wetu. Lakini samaki anayejaza mafriza ya watu wa kawaida hapa Anchorage ni sokai, samoni mwekundu. Nyama yake imekolea wekundu, ina mafuta, na hukaa vizuri kwenye baridi mpaka msimu mwingine. Majira yangu yote ya kiangazi huyapanga kumzunguka huyu.

Mahali petu ni Mto Russian, mto mdogo wa maji maangavu unaoingia Mto Kenai karibu na kijiji cha Cooper Landing. Kutoka Anchorage ni mwendo wa saa mbili na kidogo kwa gari, kwanza kando ya mkono wa bahari uitwao Turnagain, kisha milimani. Uvuvi wa sokai pale hufunguliwa tarehe 11 Juni. Samaki huja kwa makundi mawili: la kwanza kuanzia katikati ya Juni, la pili kuanzia katikati ya Julai hadi Agosti. Katikati ya makundi hayo, mwanzoni mwa Julai, mara nyingi kuna pengo, na mtu anaweza kusimama majini siku nzima akiangalia mawe matupu. Ndiyo maana nikisikia "wiki ya kwanza ya Julai" huomba kwanza tuone kama likizo inasogezeka.

Hata ukiyajua makundi, tarehe hubadilika mwaka hadi mwaka, na hapo ndipo asiye na mwongozaji anapotakiwa kufanya kazi ambayo mwongozaji angemfanyia. Idara ya Samaki na Wanyamapori ya Alaska huhesabu samoni wanaopita, na kila siku hutangaza hesabu hiyo kwenye intaneti bure. Kwenye Mto Kenai, maili 19 kutoka baharini, kuna mitambo ya sauti inayowahesabu sokai wa Julai na Agosti wakipanda. Mto Russian wenyewe una uzio sehemu ya juu, kwenye ziwa, ambako samaki hupitishwa na kuhesabiwa. Hesabu hizi mbili hazisemi jambo moja. Za chini hukwambia kinachokuja: makutano ya Russian na Kenai yako zaidi ya maili 70 kutoka baharini, kwa hiyo namba zikipanda ghafla kule maili 19, una siku kadhaa za kufunga mizigo. Za kwenye uzio hukwambia kilichokwisha kupita mbele ya wavuvi. Nimeona watu wakisoma namba kubwa ya uzio wakakimbilia mtoni, wakati kundi limeshaingia ziwani kutaga. Mimi hutazama hesabu za siku tano au sita mfululizo, zinapanda au zinashuka, na hiyo huniambia zaidi kuliko namba ya siku moja.

Hesabu hizo pia ndizo zinazobadili sheria. Kiwango cha kawaida cha sokai ni samaki 3 kwa mtu kwa siku. Waliopanda kutaga wakitosha, idara hutoa amri ya dharura ya kuongeza kiwango, au kufungua mapema lile eneo la makutano ambalo kwa kawaida hufungwa hadi katikati ya Julai ili samaki wapumzike. Wakiwa wachache, amri huja ya kupunguza au kufunga. Kitabu cha kanuni ulichochukua dukani mwezi Mei kinaweza kuwa kimepitwa na wakati Juni. Usiku wa kuamkia safari mimi huzisoma amri upya, hata kama nilizisoma juzi.

Mpwa wangu anayeishi Minnesota aliposema anataka kuja, nilimwomba asiniambie tarehe. Ni muuguzi, na zamu zao hupangwa mapema, lakini alifanikiwa kuomba wiki mbili za mwisho wa Julai na kubadilishana zamu na wenzake. Katika wiki mbili hizo tulipanga kwamba siku za mtoni tutaziamua hapa hapa, kwa kutazama hesabu, na siku nyingine tutatembea mjini na kutengeneza vifaa. Leseni yake ya mgeni ya siku 7 ilikuwa dola 45, tukaikata kwenye simu. Mimi hulipia ya mkazi, ambayo ni nafuu zaidi kwa mwaka mzima kuliko yake ya wiki. Ili uhesabiwe mkazi sharti uwe umeishi Alaska miezi 12 mfululizo na unakusudia kubaki. Ndugu zetu wengi waliokuja hapa kama wakimbizi kutoka Kongo na Burundi wanastahili leseni hiyo na hawajui, nami huwaambia kila ninapopata nafasi.

Kulala ndiko kunakohitaji kupangwa mapema. Kambi ya Mto Russian iko ndani ya Msitu wa Taifa wa Chugach, na nafasi zake hujaa miezi kabla kupitia mfumo wa serikali wa kuweka nafasi. Kwa kuwa sisi hatuijui siku, huwa tunaweka hema kwenye kambi nyingine kando ya barabara, au tunatoka Anchorage usiku na kuvua alfajiri. Wakati huo wa mwaka usiku hauna giza la kukutisha. Kufika ng'ambo ya Kenai, ambako ukingo ni mzuri, kuna kivuko cha waya: boti imefungwa kwenye waya uliopita juu ya mto na husukumwa na mkondo wenyewe, bila injini. Mpwa wangu alikipenda kile kivuko kuliko ndege iliyomleta.

Kuhusu vifaa nitasema machache, kwa sababu duka litakuuzia vingi. Fimbo ya futi 9 yenye nguvu ya namba 8 inatosha. Mshipi wa mwisho, ule unaofungwa ndoano, uwe mnene, wa kuhimili ratili 20 au zaidi, maana sokai ana nguvu na mto ni wa kasi. Pale Russian wakati wa msimu chambo halisi hakiruhusiwi, wala ndoano kubwa: ni ndoano moja ndogo iliyofungwa manyoya au nyuzi, na chubwi, ule uzito wa kuuzamisha mshipi, lazima likae angalau inchi 18 juu yake. Suruali ya mpira ya kuingilia majini iwe na mkanda uliokazwa kiunoni, ili ukianguka isijae maji. Maji ya Kenai hutoka kwenye barafu za milimani. Rangi yake ya kijani cha samawati huvutia macho, na baridi yake hukata pumzi hata mwezi wa saba. Na miwani. Hili nalisisitiza kuliko yote: miwani ya jua, hata kukiwa na mawingu. Chubwi na ndoano vikichomoka kwenye mdomo wa samaki wakati umeuvuta mshipi, hurudi kwako kwa kasi ya jiwe la manati. Asiye na miwani simruhusu asimame karibu nami.

Sasa, mtoni kwenyewe. Sokai akishatoka baharini na kuingia mtoni ameacha kula. Hata baharini chakula chake kikubwa ni viumbe vidogo vya majini, kwa hiyo usitegemee akimbilie chambo chako. Anachofanya ni kupanda, saa zote, mdomo ukifunguka na kufumba. Mvuvi huupitisha mshipi wake ukikatiza njia ya samaki karibu na chini, mshipi unapita mdomoni, na ndoano inafuata mpaka inashika pembeni mwa taya. Aliyeshikwa mgongoni, tumboni au mkiani lazima aachiwe mara moja. Ni sheria, na mimi naiona ya haki.

Kwa hiyo swali lote ni njia ya samaki iko wapi. Sokai hukwepa mkondo mkali. Hupanda karibu na ukingo, wakifuatana kwa mstari, mara nyingi kwenye maji yanayofika magotini tu. Jirani yangu, Mkongomani kutoka Uvira aliyevua Ziwa Tanganyika tangu utotoni, ndiye aliyekwenda nasi, na ndiye aliyemfundisha kijana. Mpwa wangu alipofika tu alianza kutembea kuelekea katikati ya mto, maji yakamfika mapajani.

"Kijana," jirani akamwita, "samaki iko hapa kwa miguu yako. Unaenda wapi?"

"Baba, si wakubwa wako kule kwenye kina?"

"Kule ni maji tu. Rudi. Simama hapa nyuma, uangalie kwanza."

Akarudi, akavaa miwani, akatazama. Ilichukua muda macho yake kuzoea, kisha akaviona: vivuli virefu vya kijivu vikipita hatua mbili kutoka ukingoni, viwili, kimoja, halafu vitano pamoja. Alikuwa amesimama juu ya njia yao, na kila aliyesimama hapo huwasukuma wakapite mbali, pasipofikika. Jirani akamwonyesha urefu wa mshipi wa kutoa, mfupi tu, karibu mara mbili ya fimbo. Unautupa juu kidogo ya mto, unauacha ushuke, unasikia chubwi likigonga mawe ya chini, tap, tap, tap. Likiacha kugonga, vuta kwa upande wa ukingo. Kama hugongi mawe, ongeza chubwi. Kama unakwama kila mara, punguza. Marekebisho hayo madogo ndiyo humtenganisha anayerudi na samaki na anayerudi mikono mitupu akiwa amesimama mita tatu kutoka kwa mwenzake.

Alipomshika wa kwanza alipiga kelele ya Kisukuma aliyoitoa kwa babu yake. Sokai huruka nje ya maji, halafu hukimbia na mkondo. Hapo usimvute kwa nguvu: shusha ncha ya fimbo upande wa nchi kavu, rudi nyuma hatua kwa hatua, umwongoze apande kwenye changarawe. Majirani wa ukingoni waliondoa mishipi yao majini kumpisha, ndivyo adabu ya pale ilivyo, nasi tukawapisha wao zamu yao ilipofika.

Dubu. Hakuna safari ya Mto Russian isiyo na habari ya dubu, na ambaye hayuko tayari kwa hilo avue Ship Creek hapa katikati ya mji. Dubu wa kahawia na weusi hushuka mtoni kwa sababu ile ile iliyotuleta sisi. Kila mmoja wetu hubeba kopo la dawa ya pilipili ya kupulizia dubu, likiwa mkandani, kwani likiwa ndani ya begi halitakufaa. Dawa hiyo hairuhusiwi kwenye ndege, kwa hiyo mgeni hununua akifika. Mizigo, chakula na samaki huwekwa pale pale mtu anaposimama, hatua moja tu. Dubu akijifunza kwamba begi la mvuvi lina chakula, mara nyingi mwisho wake ni kupigwa risasi na wenye mamlaka, na kosa linakuwa letu wanadamu. Samaki tunaondoka naye mzima, ametolewa matumbo tu. Anayekata minofu mtoni hutakiwa kuukatakata mfupa vipande vidogo na kuvitupa kwenye maji ya kina yanayokimbia, visibaki ukingoni vikinuka.

Asubuhi ile mama dubu na watoto wake wawili walitokea kwenye vichaka ng'ambo ya kijito, wakaanza kuvuka upande wetu. Watu wote walikusanya mishipi. Mpwa wangu alikuwa na samaki kwenye ndoano, anarusha maji, na sauti ya samaki anayepapatika ni mwaliko kwa dubu.

"Kata mshipi," nikamwambia.

"Mjomba, ni mkubwa huyu!"

"Kata sasa hivi."

Akakata. Tukachukua mabegi yetu, tukarudi nyuma pamoja tukiongea kwa sauti ya kawaida ili atujue ni watu, tukampa mama nafasi yake. Alikula samaki wake, wanawe wakala, wakapanda mlima. Hakuna aliyekimbia wala aliyepiga mayowe. Nilifurahi kumwona kijana ametulia, kwa sababu jioni iliyotangulia tulikuwa tumeyazungumza haya yote mezani, pamoja na hilo la kukata mshipi.

Trauti nao wana msimu wao ndani ya msimu wa samoni. Trauti wa upinde wa mvua, jamii ile ile iliyopandikizwa na wakoloni kwenye mito ya Mlima Kenya na Aberdare, hapa wako kwao. Samoni wakianza kutaga, kuanzia Agosti, mayai husombwa na maji na trauti hukaa nyuma yao wakila. Chambo chake ni ushanga wa plastiki wenye rangi na ukubwa wa yai, uliokaa juu kidogo ya ndoano. Kanuni zinataka uwe ndani ya inchi 2, ili samaki ashikwe mdomoni. Kadiri wiki zinavyopita mayai hupauka, na ushanga nao hubadilishwa rangi. Uvuvi huu ni wa utulivu, na wa sehemu za juu za Kenai ninaupenda kuliko wote. Sisi trauti huwaachia. Tunalowesha mikono kabla ya kuwagusa, tunawashika ndani ya maji, tunatoa ndoano kwa koleo, basi. Trauti mkubwa wa Kenai ameishi miaka mingi, na tofauti na samoni, ambaye atataga mara moja na kufa, huyu anaweza kutaga tena mwakani.

Kabla ya kurudi mjini huwa napenda kuwapitisha wageni kwenye njia ya K'Beq', karibu na makutano ya mito. Ni mahali pa watu wa Dena'ina, wenyeji wa asili wa hapa, na kabila la Kenaitze ndilo linalopatunza na kupaonyesha. Ardhini bado yanaonekana mashimo waliyohifadhia samaki wao, na alama za nyumba zao. Mpwa wangu alisimama pale muda mrefu akiuliza walivyokausha, walivyofunika, walivyozuia wanyama. Ni maswali ambayo bibi yake angeuliza.

Nyama ya sokai huharibika upesi kwa uzembe. Akishatoka majini tunampiga rungu moja la kichwa, tunakata matamvua damu itoke, tunamtoa matumbo na kumzika kwenye barafu. Barafu tunanunua Anchorage, nyingi kuliko tunayodhani tutahitaji. Nyumbani minofu hufungwa kwa mashine ya kunyonya hewa. Vichwa huenda kwa jirani yangu, ambaye mke wake huvipika na sombe, yaani kisamvu, na vifua vyenye mafuta mengi tunavikausha kwa moshi wa mti wa alda. Mpwa wangu aliondoka na boksi la samaki waliogandishwa kama mzigo wake wa ndege, likiwa chini ya kilo 23 ili asilipie ziada. Dada yangu alipolifungua kule Minnesota alinipigia kuuliza kama amkaange kama sangara. Nikamwambia hapana, dada, huyu mafuta anayo mwenyewe: mpake chumvi, ndimu na kitunguu saumu, mweke kwenye oveni yenye moto wa wastani ngozi ikiwa chini, na mtoe mara tu nyama inapoanza kuachana kwa uma, kabla haijakauka.